Mwili Mnene Si Kinga

"Wanawake weusi hawana shida ya ulaji uliovurugika, wao wanajipenda na unene wao." Kauli hii inasikika hadi kwenye vyumba vya madaktari, na inaumiza watu. Mwaka 2006 Kathryn Gordon na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani. Wataalamu walipewa kisa cha msichana mwenye ulaji uliovurugika, ikabadilishwa rangi ya msichana tu. Alipokuwa mweupe, takriban asilimia 44 waliona tatizo. Alipokuwa mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, 41. Alipokuwa mweusi, 17.

Ni kweli, jamii nyingi husifu mwili uliojaa. Ila sifa hiyo ina masharti: nyonga zijae, tumbo liwe bapa, kiuno kikatike. Asiyejaliwa umbo namba nane huweza kujichukia sawasawa na anayeukosa wembamba. Tena vigezo huhama upesi. Kule Nadroga, katika visiwa vya Fiji, bahari ya Pasifiki, ambako mwili mkubwa ulikuwa heshima, televisheni iliingia mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker alichunguza wasichana wa shule mwaka huo, akarudia 1998: waliojitapisha ili wapungue hawakuwepo mwanzoni, safari ya pili walikuwa asilimia 11.

Kinachopita bila kuonekana zaidi ni kula bila kujizuia: chakula kingi mno kwa muda mfupi, mara nyingi kwa siri, tumbo limejaa lakini mkono haukomi, kisha aibu. Ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, uliupa nafasi yake mwaka 2013. Lakini mgonjwa mnene huambiwa apunguze kula. Anashinda na njaa, usiku njaa hiyohiyo inamshinda nguvu. Ushauri wa namna hiyo huuchochea ugonjwa.

Anayejitapisha naye usimngoje akonde. Wengi wana uzito wa kawaida. Tazama mashavu yaliyovimba karibu na masikio, sugu kwenye vifundo vya vidole, meno yaliyolika upande wa ndani. Apimwe potasiamu, madini yaliyo kwenye damu, kwani ikishuka mapigo ya moyo huvurugika na anaweza kufa. Akishatapika asipige mswaki papo hapo, maana asidi imelainisha meno. Asukutue kwa maji.

Kabla ya mizani, daktari amwulize kila mwanamke, wa rangi yoyote: unajitapisha ukishiba kupita kiasi? Unahofia kwamba huwezi kujizuia kula? Chakula kimeyatawala maisha yako? Na akijibu ndiyo, asirudishwe nyumbani na karatasi ya mlo wa kupunguza uzito.