Gari ya 2005 yenye kilomita 46,000, unalipia nini hasa?

Siku hizi tangazo la gari Bongo linataja kilomita kabla hata ya rangi. "Toyota IST ya 2005, km 46,000 tu, mmiliki mmoja, alikuwa anaendesha mama mtu mzima, injini haijawahi kufunguliwa." Bei imepandishwa juu ya IST zingine za mwaka huo huo zenye kilomita laki na arobaini elfu au laki na sitini elfu, na watu wanaigombania, halafu hiyo ya laki na arobaini inaitwa mkweche kabla hata boneti haijafunguliwa. Mi naona hii ya pili inaonewa, na ile ya kwanza inapewa sifa ambazo hakuna aliyezihakiki.

Chukua hiyo 46,000 ugawe kwa miaka 20, unapata kilomita 2,300 kwa mwaka. Gawa tena kwa siku 365, zinabaki kilomita 6.3 kwa siku, kwenda na kurudi zote humo. Mwenge hadi Posta peke yake inazidi hapo. Na kumbuka hii gari haikuzaliwa Dar, ilianzia Japani, na wajapani wenyewe wakikadiria gari iliyotumika kawaida wanahesabu kama elfu 10 kwa mwaka, kwa hiyo ingekaa kule miaka 8 tu kwa mwendo wa kawaida ingeshuka bandarini na elfu 80 tayari. Sasa hii imekaa Japani, ikaja, ikapewa namba, ikabadilisha hata kiti kava mara mbili, na bado iko 46,000. Sisemi haiwezekani, inawezekana kabisa, nasema tu hiyo namba ina deni la maelezo na muuzaji ndiye anayedaiwa.

Maelezo yenyewe hayako mengi. La kwanza gari ilikuwa inatembea kila siku ila vipande vifupi, nyumbani hadi sokoni, sokoni hadi nyumbani. Hili watu wanalisikia wanafurahi, "ilikuwa ya kwenda sokoni tu", wakati kwa injini hayo ndiyo matumizi yanayoichosha. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na injini ikiwa bado ya baridi ule mvuke unapoa na kuwa maji na sehemu yake inateremka kwenye oili, pamoja na petroli kidogo ambayo haikuungua. Ukiendesha nusu saa barabara imenyooka oili inapata moto wa kutosha, yale maji yanatoka. Ukiendesha kilomita tatu ukazima, yanabaki, na kesho unaongezea. Halafu cheki stika ya servisi kwenye mlango, imeandikwa oili ijayo ni baada ya km 5,000. Kwa mwendo wa 2,300 kwa mwaka hizo 5,000 zinafika baada ya miaka miwili na zaidi! Mwenye gari anajiona mtiifu kweli, anafuata stika, kumbe vitabu vya gari vinataja kilomita au miezi, kinachotangulia. Fungua mfuniko wa oili juu ya injini uchungulie kwa tochi ya simu, ukikuta uchafu mweusi mzito umeganda kama lami usihitaji fundi akutafsirie.

La pili gari ilipakiwa. Mwenyewe alisafiri, au alifariki na familia ikachukua miaka kumaliza mambo ya mirathi, ikakaa chini ya mwembe na turubai. Hapo mpira ndio unakufa. Oili sili zinakauka, gasketi ya tapeti kava inakuwa ngumu kama plastiki, mabushi yanapasuka, hosi za rejeta zinalainika upande mmoja na kukakamaa mwingine, kompresa ya AC inavujisha gesi, na panya nao wana lao kwenye waya. Tairi ndio usiseme, kashata (yale meno ya tairi) zimejaa zinang'aa dawa ya kupakwa, muuzaji anakuambia "ona, tairi bado mpya". Inama usome ubavuni, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne, ukikuta 3112 maana yake lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2012. Kampuni za tairi zikiwemo Michelin zinasema miaka 10 tangu kutengenezwa ndio mwisho, haijalishi kashata zimebaki kiasi gani.

La tatu, kilomita zimerudishwa, au dashibodi nzima imebadilishwa ikawekwa ya kutoa kwenye gari nyingine, kazi ambayo haimalizi hata asubuhi moja. Hili kila mtu analijua kwa hiyo sitakaa nalo, ila kuna kitu watu hawakifikirii upande wa pili wake. Hakuna mtu anayelipa fundi ili gari yake isome 162,000. Namba kubwa haina wa kuidanganyia, kwa hiyo gari inayosoma 162,000 ina uwezekano mkubwa sana kwamba walau imetembea hizo. Ile ya 46,000 unaanza nayo kwa mashaka, lazima uombe ile hati ya Japani ya kuitoa gari nchini mwao, ambayo inaandika kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, na uombe karatasi ya mnada wa kule Japani ilikonunuliwa, na kama imeingia na 88,000 leo inasoma 46,000 basi mazungumzo yameisha hapo mkaagane vizuri.

Na hata zikiwa za kweli, kilomita zenyewe ni kipimo kinachotudanganya sisi watu wa mjini. Injini haijui kilomita, inajua mizunguko na saa. Wanaonunua trekta au jenereta wanauliza saa, sisi kwenye gari tunauliza umbali halafu tunaishi kwenye foleni ya Tazara. Fanya hesabu ya kiholela tu, gari ya mjini ambayo wastani wake kwa foleni zote ni kilomita 15 kwa saa, ikitimiza 46,000 injini imezunguka kama saa 3,000 na ushee. Gari ya mtu wa mikoani anayepiga Dar Dodoma, Dodoma Singida, kwa wastani wa 70, ikifika 140,000 injini imefanya kazi saa 2,000. Elfu moja pungufu! Na saa zake zilikuwa nzuri, injini ina moto wake, upepo unapita kwenye rejeta, gia iko namba nne imetulia, wakati ile nyingine ilikuwa imesimama AC inavuta feni inalia. Mi hii hesabu naipenda kwa sababu haihitaji tuhuma yoyote, muuzaji anaweza kuwa mkweli mia kwa mia na bado umeuziwa injini iliyofanya kazi zaidi.

Sasa upande wa wapenzi wa kilomita chache nao wana hoja yao, na iko moja ambayo ni nzito. Mpira ni rahisi, chuma ni ghali. Gari iliyolala unaipeleka Gerezani, pale Dar kwenye maduka ya spea, unaweka mabushi, sili, hosi, tairi, oili zote, na ukimaliza unabaki na gia boksi ambayo haijachoka, bearing hazijaanza kulia, siti haijabonyea, shokapu bado. Gari iliyotembea sana ikikuangusha inakuangushia gia boksi au injini yenyewe, na hapo hakuna cha laki mbili. Hiyo ni kweli, siibishii. Pia zipo 46,000 za halali kabisa, Japani kuna wazee wengi wana gari ya kwenda dukani tu, na kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka mitatu halafu kila miwili, bila ukaguzi haitembei, kwa hiyo yenye rekodi zake unaifuatilia vizuri tu. Na wenye laki na sitini siyo malaika wote, kuna za biashara zilizopiga ruti usiku na mchana, oili inabadilishwa ikikumbukwa, hizo zikimbie.

Ila ona bei inavyowekwa. Kama hoja ni kwamba mpira utabadilisha kwa hela kidogo, basi hiyo hela ilitakiwa itoke kwenye bei ya gari. Kinachofanyika ni kinyume, unaongezewa bei kwa sababu ya kilomita, halafu tairi nne, betri, mabushi na oili zote ni juu yako. Unalipia gari "mpya" na unafanya matengenezo ya gari ya zamani. TRA wenyewe hawashangai kilomita, gari ndogo ya kuagiza ikizidi miaka 10 inapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, ya miaka 8 hadi 10 inapigwa 15, hakuna punguzo la "haijatembea". Kenya wao gari ikizidi miaka minane haiingii kabisa, iwe imetembea elfu tano iwe laki mbili. Unaweza kuilalamikia sheria, na wengi tunailalamikia, lakini kwenye hili la umri serikali inahesabu miaka na mnunuzi anahesabu kilomita, na kati ya hao wawili anayeibiwa ni mnunuzi.

Kinachoniogopesha zaidi ni matumizi kubadilika ghafla. Gari iliyozoea kilomita 6 kwa siku inanunuliwa mwezi wa kumi, Desemba inapakiwa watu watano na magunia inakwenda Mbeya, kilomita mia nane na zaidi. Inapanda Kitonga na hosi zake za miaka 20. Wakati wa kurudi inashuka Kitonga na oili ya breki ambayo haijawahi kubadilishwa, na oili ya breki hunyonya unyevu hata gari ikiwa imelala. Oili ya breki aina ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi joto 205, ikishanyonya maji asilimia 3.7 kiwango chake cha kuchemka kinaweza kuwa 140. Ikichemka inatoa mapovu na pedo inakwenda chini bila kukamata. Hiyo gari ingeendelea kwenda sokoni isingekuonyesha hilo hata miaka mitano mingine.

Kwa hiyo binamu yangu aliponiuliza kati ya mbili hizo, ya 46,000 isiyo na karatasi hata moja na ya 151,000 yenye risiti za oili zimebanwa kwa stepla tangu ilipopewa namba, nilimwambia aende kwanza na hiyo ya pili, afike asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, ashike boneti kwa mkono kuhakikisha ni ya baridi, ndio iwashwe. Akae nayo dakika 40 barabarani, aizime, aiwashe tena ikiwa na moto. Hiyo ya 46,000 nayo, kama anaipenda sana, aiwekee ofa ya bei ile ile ya mwenzake, halafu kwenye hiyo bei apunguze gharama ya tairi, mabushi, betri, hosi na oili zote kwa bei za dukani Gerezani alizoziuliza yeye mwenyewe siyo alizoambiwa na dalali. Dalali alipopewa hiyo ofa alicheka, akasema gari hiyo ina mtu kutoka Mwanza anakuja kuichukua kesho. Wiki ya tatu sasa, bado iko pale pale yadi.