Nilienda kuuza vitenge nikajikuta nasaili watu

Jamani mi huko Goma nilikuwa HR, mtu wa kiti cha kuzunguka na muhuri, ukitaka likizo unapita kwangu, ukichelewa kazini unapita kwangu. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mji, benki zikafungwa, ofisi yetu ikaporwa mpaka swichi za ukutani, nikavukia Gisenyi, upande wa Rwanda, na familia na begi la diploma. Sa hivi niko Kayole, Nairobi, natembeza vitenge kama Wakongo wenzangu wengi, maana kila nikipeleka CV naulizwa barua ya mwajiri wa zamani. Mwajiri gani? Simu ya dairekta haipatikani, imeli zinarudi, na kwenye fomu zao penye "sababu ya kuacha kazi" kamstari kenyewe kafupi, huwa naandika "vita" naendelea.

Sasa siku hiyo nikaenda Kilimani na begi langu la vitenge, nimevaa koti la ofisini, kwa sababu masoja wa mageti ya Nairobi wanaheshimu koti kuliko kitambulisho, na kitambulisho chenyewe mi nina kikaratasi cha ukimbizi tu. Kufika geti la ofisi moja, woga ukanitoa "Bonjour". Soja akaruka: "Ni wewe wa Kifaransa? Haki wanakungoja tangu saa tatu!" Sikuandikishwa hata jina kwenye kitabu, begi likabebwa, nikapandishwa ngazi mbio mbio.

Huko juu nakuta meza ndefu, maji ya chupa, mama mmoja bosi na kijana wa laptopu. Mama akainuka: "Karibu sana, tulikuwa tunaandikiana tu, pole na jam." Nikasema samahani mama, mi nimeleta vitenge. Akafurahi huyo! "Na zawadi tena! Nyinyi Wakongo bana. Tutaviona baadaye, watu wamengoja." Nikajaribu tena, mama, hivi ni vya kuuz... mlango ukafunguka, kijana wa kwanza huyo kaingia, na mbele yangu kumeshawekwa kalamu na karatasi ya maksi. Sasa we mwambie HR aliyekaa bila kazi asishike karatasi ya maksi, si bora umwambie paka asiguse dagaa.

Kijana kwenye CV kaandika Kifaransa anakimwaga. Nikamuuliza kwa Kifaransa, mfanyakazi akigoma kusaini barua ya onyo utafanyaje? Akasema "Oui." Nikangoja. Akaongeza "Merci." Nikampa mbili kwa kumi, moja ikiwa ya tai.

Wa pili alikuja na sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 kichwani, probesheni, yaani muda wa majaribio, isizidi miezi sita, likizo siku 21 kwa mwaka, nikataka kumwekea kumi nikakumbuka sheria ya kwetu Kongo inaanzia siku moja ya kazi kwa kila mwezi, wivu ukanishika, nikamuuliza kwani hizo siku 21 zote unaenda nazo wapi? Akaanza kutoa jasho. Mama akalinakili lile swali kwenye daftari lake, alidhani ni mbinu.

Wa tatu dada wa Masisi, huko huko kwetu Kongo kwenye vita. Kijana wa laptopu akamdaka: "CV yako ina pengo la miaka miwili, ulikuwa unafanya nini?" Dada kimya. Hapo nikasahau kabisa kama mi ni wa vitenge, nikamgeukia yule kijana: "Alikuwa anakimbia, bwana mdogo. Andika hapo, uzoefu wa kuhamisha familia nzima usiku bila bajeti." Na akaandika!

Dada ndo katoka tu, mlango ukagongwa, akaingia mzee mmoja kalowa jasho, kadi shingoni, anaomba radhi kwa Kifaransa, kumbe Ngong Road ilikuwa haipitiki. Mama akaniangalia, akamwangalia mzee, akaliangalia begi.

"Na wewe ni nani?"

"Mama, nimesema mara mbili. Mi ni wa vitenge."

Kijana wa laptopu alicheka mpaka akatoka nje. Mama yeye aliniuliza jina, akalipiga kwenye kompyuta, na CV yangu imo humo humo! Folda ya waliokataliwa, "hana mdhamini". Akakaa kidogo akasema nitume upya, penye mdhamini niandike jina lake yeye. Mzee naye akavaa miwani, akasoma maksi zangu zote, akasema ameridhika, hana haja ya kuwarudisha wale watu, akaweka sahihi yake chini. Sahihi yake na malipo yake! Basi nikafungua begi, kila mtu na kazi yake. Mama alichukua yadi sita za buluu zenye ndege, huyo nilimpunguzia. Mzee akataka cha mke wake, nikampigia bei ya kitenge pamoja na intavyuu zote tatu, akalipa kwa M-Pesa bila hata kubembeleza, halafu akaomba risiti.