Kokwa Tatu Shavuni

Mimi si adui wa mapenzi. Nasema hivi mapema kwa sababu mke wangu amekwisha kuwatangazia shangazi zake wawili kwamba mimi ni mtu mkavu, na habari ikishafika kwa shangazi huwa imefika kote. Ninachokipinga ni huu utaratibu wa kumchukua mtu mzima aliyeomba siku moja tu ya mapumziko, kumkalisha gizani kwa saa mbili atazame kijana mwenye meno meupe akifanya mambo ambayo yeye hajawahi kuyafanya tangu azaliwe, kisha kumpeleka mezani na njaa yake na kuanza kumhoji.

Mpango ulikuwa wake tangu mwanzo hadi mwisho. “Baba watoto,” aliniambia, “Jumamosi watoto watashinda kwa bibi yao. Tutakwenda kutazama filamu ya mapenzi ya kuchekesha, halafu tutakula chakula cha Mediterania.” Nami nilikuwa na mpango wangu wa Jumamosi, uliohusu kochi, lakini mpango wa kochi haujawahi kupata mtetezi katika nyumba yoyote. Nikavaa shati lenye kola, ambalo lilinikaba siku nzima kama mtu ninayedaiwa naye, tukaondoka.

Ndani ya ukumbi wa sinema kiyoyozi kilikuwa kimewekwa kwa kiwango cha kuhifadhi samaki. Mke wangu alishika bisi, nami niliruhusiwa kuchota pale tu ambapo hakuna aliyekuwa akitazamana na mwenzake kwenye skrini, na katika filamu ya namna ile nafasi hizo ni chache. Hadithi yenyewe nilikuwa nimeimaliza kichwani kabla ya dakika ya kumi. Kijana anamgonga binti, kahawa inamwagika, wanachukiana, mvua inanyesha, wanaacha kuchukiana, kisha linaingia jambo la kutoelewana ambalo lingemalizwa na ujumbe wa simu wenye maneno manne. Nilimnong’oneza mke wangu maneno manne hayo. Mama mmoja wa mstari wa mbele akageuka na kunitazama kama mtoto aliyecheka msibani.

Halafu kijana akakimbia. Walio wengi katika filamu hizi hukimbia, na hukimbilia uwanja wa ndege, kwa kuwa binti ndipo hukumbuka kwamba ana safari. Hapo nilishindwa kunyamaza. Nilimweleza mke wangu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba tangu mashambulizi ya Septemba 2001 viwanja vya ndege vya Marekani kwa kawaida havimruhusu mtu asiye na tiketi kupita sehemu ya ukaguzi, na kwamba kijana huyu, kabla ya kumwambia mtu yeyote kuwa anampenda, angepaswa kukata tiketi ya kwenda asikokwenda, apange foleni nyuma ya familia yenye kigari cha mtoto, avue mkanda, aitafute simu yake kwenye trei ya mtu mwingine, na tamko lake la mapenzi alitoe huku ameshikilia suruali. Mke wangu hakunijibu. Alikuwa analia. Nilipotazama pembeni nikakuta mstari mzima unapenga kamasi, akiwamo bwana mmoja mwenye mwili wa mbeba mizigo, ambaye nilikuwa nimemhesabu upande wangu.

Tulipotoka nje hakunipa hata nafasi ya kuyazoesha macho mwanga.

“Umeona alivyokimbia?”

“Nimeona.”

“Ingekuwa wewe, ungekimbia?”

“Kukimbilia wapi?”

Naomba nieleweke: nilikuwa ninauliza ili nijibu kwa usahihi, kwa sababu mtu hawezi kuahidi mbio asizojua urefu wake. Lakini kumbe katika mambo haya swali halijibiwi kwa swali. Akasema tutazungumza tukishaketi.

Njiani nilijitetea kwa historia. Nilimkumbusha kwamba mojawapo ya filamu kongwe za aina hii, It Happened One Night ya mwaka 1934, haina mwanamume anayekimbilia uwanja wowote. Mwigizaji wake mkuu, Clark Gable, ni mwandishi wa habari aliyefutwa kazi. Anakutana na binti tajiri ndani ya basi, wakigombea kiti, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kuliamini. Mwishoni anayekimbia ni bibi harusi mwenyewe, na shela lake, mbele ya wageni walioalikwa. Gable amekwenda kwa baba wa binti kudai gharama zake za safari, dola 39 na senti 60 kamili, ilhali kulikuwa na zawadi ya dola 10,000 ambayo hakutaka hata kuigusa. Filamu hiyo ikapata Oscar zote tano zinazoitwa kubwa: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya mwigizaji wa kiume, ya mwigizaji wa kike na ya uandishi. Maana yake, nilimwambia mke wangu, kuna wakati mwanamume aliyetunza hesabu zake za nauli alikuwa shujaa wa mapenzi. Akatembea hatua kadhaa kimya, kisha akaniuliza kama nina maana kwamba ni yeye ndiye anayetakiwa kukimbia.

Mgahawa ulikuwa na mwanga hafifu, wa kutosha kuona sahani lakini si kuona kilichomo. Mhudumu, kijana mpole mwenye aproni nyeusi, aliinama na kusema, “Mngependa tuanze na meze?” Nikaitazama meza, ambayo haikuwa na kitu isipokuwa mshumaa na zeituni chache kwenye bakuli, nikamwuliza kwa heshima zote, “Nimeze nini?” Akafafanua kwamba meze ni visahani vidogo vidogo vya kuanzia, vinavyoliwa Ugiriki, Uturuki, Lebanoni na kwingineko. Mke wangu alikuwa ameufunika uso wake kwa orodha ya vyakula.

Neno “vidogo” kijana yule hakulisema kwa kujipamba. Kisahani cha kwanza kilikuwa cha dengu zilizosagwa pamoja na ufuta, limau na kitunguu saumu, zikapakwa kwa mgongo wa kijiko kama fundi anavyopiga lipu ya mwisho, katikati kumeachwa kishimo, na ndani ya kishimo dimbwi la mafuta ya zeituni ambamo zilielea dengu tatu nzima, zilizonusurika. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililonikera zaidi, maana kitu kibaya kikiwa kidogo mtu hushukuru. Cha pili kilikuwa biringanya iliyochomwa hadi ngozi ikaungua, kisha ikapondwa. Cha tatu kilikuwa jibini ya feta, vipande vinne vya ukubwa wa dadu, na mke wangu akanieleza kwamba tangu mwaka 2002 Umoja wa Ulaya unalilinda jina hilo liwe la jibini ya Ugiriki peke yake, ya maziwa ya kondoo au ya kondoo yaliyotiwa kiasi cha yale ya mbuzi. Nikasema sasa nimeelewa kwa nini vimeletwa vinne: vingine viko chini ya ulinzi.

Mkate uliisha kabla ya dengu. Kuomba mkate kwa mara ya tatu mahali penye mshumaa kunahitaji moyo kuliko kukimbia katika uwanja wowote wa ndege, na sikuona mtu wa kunitengenezea filamu.

Tulipokuwa tunamsubiri samaki, mke wangu alianza kunifundisha. Kumbe mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, nami ni shahidi, kwa kuwa nilikuwa nimenyoosha uma mara tatu na sikushika kitu. Akanitajia na Ancel Keys, yule mtafiti Mmarekani aliyeanza mwaka 1958 kuwafuatilia wanaume wa miaka 40 hadi 59 katika nchi saba, akakuta kwamba wale wa kisiwa cha Krete walikuwa wakifa kwa nadra sana kutokana na maradhi ya moyo. Umri huo ni wangu kabisa, kwa hiyo nilisikiliza. Lakini wanaume wale walikuwa watu wa vijijini, walioshinda mashambani wakipanda na kushuka vilima, na jioni walipoketi kula hakuna aliyekuwa amewaonyesha kwanza filamu ya mapenzi. Hiyo nayo ni kinga ya moyo, hata kama Keys hakuipima.

Sasa nifike kwenye zeituni. Zeituni ikitoka mtini hailiki kwa uchungu. Hulowekwa katika maji ya chumvi kwa wiki nyingi, pengine miezi, ndipo ikubali kuingia kinywani. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba mle ndani kuna kokwa, na kwamba kokwa hiyo inapaswa kwenda mahali fulani. Kutema hadharani nilifundishwa nisifanye. Niliwatazama watu wa meza nyingine, nikaona zeituni zikiingia vinywani mwao na kokwa hazitoki, kama mazingaombwe. Kulikuwa na kisahani kitupu kando ya bakuli, nacho nilikidhania ni cha kuwekea mshumaa ukiisha. Basi nikaihifadhi kokwa ya kwanza shavuni nikisubiri maelekezo. Njaa ikanipa ya pili. Ya tatu sijui hata niliichukua lini.

Ndipo mke wangu alipoweka uma chini. “Sasa nijibu,” akasema. “Ungekimbia?”

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelitunga tangu kwenye biringanya, na lilikuwa jibu zuri, lenye neno “daima” mara mbili. Lakini nikifungua mdomo kokwa zitatoka kabla ya maneno. Nikamtazama tu. Nikajaribu kuweka jibu lote katika macho, na wakati huo kokwa ya tatu ikaanza kuelekea kooni, machozi yakanijaa, nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Uso wa mke wangu ukabadilika. Akaunyoosha mkono, akauweka juu ya wangu.

“Sikujua kwamba lingekugusa hivi,” akasema taratibu.

Nikatikisa kichwa kukubali. Alipogeuka kumwita mhudumu ndipo nilipozitoa zote tatu na kuzitia katika mfuko wa shati, ulimokuwa na sarafu za nauli. Samaki alipokuja nilimla kwa amani ambayo sikuwa nimeionja tangu asubuhi, na bili ilipoletwa nililipa bila kusoma mistari yote, kitu ambacho hata shangazi zake hawawezi kukiamini.

Tulikuwa tunakaribia kituo tulipoliona basi la mwisho limewasha taa za kuondoka. Nilikimbia. Naomba iandikwe mahali kwamba nilikimbia, tena vizuri, kola wazi, mikono ikipaa, na mtoto mmoja dirishani akanishangilia. Niliufikia mlango ukiwa unafungwa, nikauzuia kwa kiwiko, nikapanda, na nilipogeuka kumpa mke wangu mkono nikakuta hayupo. Alikuwa nyuma, mbali, anakuja kwa mwendo wake, viatu mkononi.

“Subiri kidogo, dereva,” nikasema nikihema. “Mke wangu yuko nyuma.”

Basi zima likacheka. Nikatia mkono mfukoni na kumwaga nauli kwenye trei, na dereva akaanza kuhesabu, kisha akasita, akaziokota kokwa moja moja kwa ncha za vidole na kuzipanga mbele yangu. Wakati huo mke wangu alikuwa amekwisha kupanda. Alizitazama, akalitazama shavu langu, akazitazama tena.

“Tatu,” akasema, kisha akaenda kuketi mbele, penye kiti cha mtu mmoja.