Shangazi, mwaga hayo maji

Nianze kwa kusema mimi ni mtu wa Singida, kuogelea sijui, na bosi wangu hajui kwamba sijui. Huu ni mwezi wa saba toka nifike Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, nakaa risepsheni kwenye kigesti cha vyumba tisa, na sehemu ya kazi yangu (shikeni hapo, tutarudi) ni kuwaambia wageni wawe makini na maji kupwa na kujaa. Nina maneno yangu nimeyakariri kwa Kiingereza, nayasema kila siku nikiwa nimeegemea kaunta kama nahodha mstaafu.

Sasa mwezi uliopita shangazi yangu, dada mkubwa wa mzee, akasema anakuja kuona bahari. Ana miaka sitini na kitu, hajawahi kuiona. Akapanda basi mpaka Dodoma, akapanda SGR mpaka Dar, akapanda boti masaa mawili akiwa amefumba macho toka inang'oa mpaka inafunga, halafu daladala ya 309 mpaka Jambiani, na njia nzima ya Jozani konda anamwonyesha kima punju wale wekundu yeye hata shingo hageuzi. Anasema hakuja kuangalia nyani, nyani wapo kwao.

Mzigo wake ulikuwa begi moja na dumu la njano la lita kumi. Tupu. Nikamuuliza shangazi hili dumu vipi, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeongea na mjinga, "La maji ya bahari, baba. Nimeagizwa." Kuna jirani mwenye mguu unaovimba, kuna mama wa kwaya, kuna mweka hazina wa vikoba ambaye hakusema ya nini ila alitaka chupa mbili. Wote wanasubiri maji. Shangazi alikuwa amebeba imani ya mtaa mzima kwenye lile dumu, naomba mlielewe hili maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Usiku ule nikamtumia meseji jirani yangu mvuvi nimuulize habari ya maji ya kesho, maana ilikuwa mwezi mpevu, kipindi cha bamvua, na bamvua huku si mchezo. Maji yanatoka mpaka unajiuliza kama yatarudi, unatembea kilomita nzima kwa miguu kwenda kwenye mwamba, unapita mashamba ya mwani, unapita ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Akanijibu: "kesho bamvua kubwa maji yapwa saa 4 na robo." Nikasoma, nikaelewa, nikamwambia shangazi lala usingizi, kesho maji yanapwa saa kumi na robo jioni, tuna siku nzima.

Kama umeshaliona kosa, nyamaza. Mimi sikuliona.

Asubuhi tukanywa chai taratibu, saa nne na nusu nikampeleka ufukweni. Nilikuwa nimejiandaa, simu iko tayari nirekodi ile sura ya mtu anayeona bahari mara ya kwanza niwarushie ndugu kwenye grupu la ukoo. Tukatokeza pale kwenye minazi. Shangazi akasimama na dumu lake kichwani. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Mbele yetu mchanga, matope, vidimbwi, na kule mbaliiii mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba.

"Iko wapi?"

Nikamwambia imetoka kidogo.

"Imetoka imeenda wapi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya mwezi kuvuta maji, akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, halafu akasema Ziwa Singida yeye kalikuta, nalo lina chumvi hivyo hivyo, na siku zote alizoishi hakuna asubuhi aliyoamka akakuta limetoka. Linaweza kupungua, sawa, lakini linapungua kistaarabu. Hii yetu ni bahari ya aina gani, mtu katoka Singida anakuja anaambiwa haipo?

Aisee niliumia kama vile nimeichimba mimi. Nikamwambia twende tuifuate basi. Na kwa vile nilitaka apumzike akifika, nikachukua na kiti cha plastiki cha gesti.

Tukaenda. Kusema ukweli matembezi yalikuwa matamu. Shangazi alivua ndala akapandisha khanga, akawa anashangaa kila kitu, kaa wanakimbilia mashimoni, viti vya pweza (huku nilikosea, si viti, ni mashimo ya pweza, ila mimi nilimwambia kwa uhakika kabisa). Tukafika kwenye mwani, mistari na mistari ya vijiti na kamba, wanawake wameinama na madira yao yameloa mpaka kiunoni. Nikajitia mwongoza watalii, nikamweleza kwamba hiki kilimo cha biashara kilianza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989, kwamba mwani unakaushwa unauzwa nje unaingia mpaka kwenye dawa ya meno. Shangazi akauliza bei ya kilo. Sikujua. Akamuuliza bibi mmoja pale pale, wakaanza kuongea bei, mbegu, mgongo, wajukuu, mimi nimesimama pembeni na kiti kichwani.

Yule bibi ndiye aliyetuokoa mara mbili, mara ya kwanza sikumsikia. Alinyoosha mgongo, akatazama mwambani, akaniambia, "Mwanangu, msende mbali, maji yashageuka."

Na mimi, mtoto wa Singida, miezi saba, nikacheka kidogo. Nikamwambia, "Bado bibi, leo yanapwa mpaka saa kumi."

Akaniangalia. Akamwangalia shangazi. Akaniangalia tena na kile kiti.

"Saa kumi ya wapi?"

Nikadhani ni utani wa kizee. Tukaendelea.

Karibu na mwamba kuna fungu la mchanga mweupe, zuri sana, nikaweka kiti, shangazi akakaa kama malkia, dumu pembeni. Kwanza akalijaza, alichagua maji kwa muda mrefu sana, haya yana mchanga, haya yana majani, haya ndiyo yenyewe. Nikapiga picha kama themanini. Ya kushoto, ya kulia, ya kuangalia upeo. Nikasikia raha. Nikawa nasema moyoni, ona nilivyofika, namtembeza mtu baharini.

Shangazi ndiye aliyesema, "Baba, tulipopita si palikuwa pakavu?"

Nikageuka.

Jambo ambalo watu wa bara hatulijui, na ambalo mimi nalisema kwa wageni kila siku kwa Kiingereza bila kulisikia, ni kwamba maji huku hayakufuati usoni kama mafuriko ya mto. Wewe umekaa unaangalia mawimbi mbele, yenyewe yamepita pembeni kimya kimya kwenye mifereji, yamekuzunguka, yanajaa kwanza nyuma yako. Saa ya kwanza yanatambaa hata huyaoni. Saa ya tatu ndiyo yanakimbia. Na sisi tulikuwa tunaingia saa ya tatu, saa sita na dakika ishirini mchana, fungu letu limebaki ukubwa wa sebule.

Nikasema twende, haraka. Tukaingia majini, goti, paja, kiuno. Mimi ni mfupi. Shangazi ni mrefu, ana mwili, na amebeba maji kichwani toka akiwa msichana mdogo, kwa hiyo yeye alikuwa anatembea baharini na dumu la lita kumi kichwani kama anatoka bombani, mkono mmoja kashika khanga. Mimi nyuma na kiti. Sijui kwa nini sikukiacha kiti, nadhani niliwaza kitakatwa kwenye mshahara.

Tulipofika kwenye mfereji mwenyewe maji yakanifika kifuani na akili ikaondoka. Macho yangu yakatua kwenye lile dumu. Dumu tupu linaelea, hilo hata mtoto anajua.

"Shangazi, mwaga hayo maji!"

"Nini?"

"Mwaga maji tushikilie dumu!"

Akasimama. Katikati ya Bahari ya Hindi, maji yamemfika tumboni, akanigeukia taratibu ili dumu lisiyumbe.

"Nimwage maji ya watu?"

Nikamwambia shangazi yako mengine! Angalia! Yako mengi! Nikawa nayaonyesha kwa mikono yote miwili, kiti kikaenda zake. Akasema hayo mengine hakuyachagua. Nikamwambia tutakufa. Akasema, "Nani atakufa? Mimi mbona nimesimama?" Hapo ndipo nilipogundua, na ninaandika hili kwa aibu, kwamba dumu nilikuwa nalitaka la kwangu mwenyewe.

Halafu nikakanyaga. Wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, guu zima, na kwenye kuruka simu ikatoka mfukoni. Picha themanini. Niliiona inashuka inawaka taa vizuri kabisa, kavideo kanaendelea. Nikapiga yowe ambalo naambiwa lilisikika mpaka kwenye skuli.

Ukaja mtumbwi. Umejaa viroba vya mwani mbichi unachuruzika, vijana wawili wanasukuma kwa pondo, na juu ya viroba kakaa yule bibi, kajifunika mtandio, katulia. Wakafika. Bibi akaniangalia mimi niliyeng'ang'ania kijiti cha shamba la mtu, akauliza kwa upole kabisa:

"Saa kumi imefika?"

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Shangazi akakabidhi dumu kwanza. Dumu! Likapokelewa kwa mikono miwili likawekwa vizuri katikati ya viroba, ndipo akapandishwa yeye, mimi wa mwisho, nilivutwa kwa kola ya shati la kazi lenye nembo ya gesti.

Njiani nikajitetea. Nikasema jirani ndiye kaniandikia saa nne. Bibi akasema, "Na saa nne ndiyo yalipwa." Nikasema hapana, 4, namba nne... na hapo hapo sentensi ikanifia mdomoni. Maana miezi saba ninakaa mbele ya saa ya ukutani nikiwaambia watu brekifasti ni 8, kutoka vyumbani ni 10, teksi inakuja 4, na 4 kichwani mwangu ikawa saa kumi jioni, moja kwa moja, bila kupita kwa Mswahili yeyote. Mvuvi kaniandikia Kiswahili, mimi nikajitafsiria. Kijana mmoja wa pondo akasema kila bamvua maji hupwa saa nne, asubuhi na usiku, toka babu yake hajazaliwa. Alisema bila ubaya wowote. Shangazi akamuuliza, "Na huyu ndiye anayewaelekeza Wazungu?"

Ufukweni kulikuwa na watu. Wageni wangu wawili Wajerumani niliowahutubia asubuhi ile ile kuhusu maji kujaa walikuwa wamesimama kwenye kivuli wanaangalia mtumbwi unaingia, shangazi juu ya viroba kama bibi harusi na dumu mapajani, wakampigia makofi, naye akawapungia mkono. Mimi nilishuka kwa mguu mmoja. Yule mama wa Kijerumani akaniuliza kama niko sawa, nikamjibu wawe makini na maji, ndiyo Kiingereza pekee kilichokuja.

Miiba ilitolewa barazani kwa bibi, kwa utomvu wa papai bichi, sindano, na watoto kumi na wawili wanaangalia. Bibi anapaka utomvu, shangazi ameshika mguu wangu wala hauangalii, wanaongea habari za wajukuu kutoka pale walipoishia kwenye mwani. Shifti yangu ilianza saa nane, nilifika saa tisa na robo nikichechemea, bosi akauliza kiti kiko wapi. Kilirudi chenyewe usiku na maji ya pili, kimesimama wima mbele ya geti, sina maelezo.

Shangazi alikaa siku tano. Kila siku alikuwa mwani na bibi yake, mimi alinitembelea risepsheni kwa dakika kumi kumi. Dumu likasafiri salama, boti, treni, basi, na mama wa kwaya ameshaagiza lingine. Wale wawili walipeana namba, wanapigiana kila jioni baada ya magharibi.

Nimenunua simu nyingine ya mkopo. Na kila usiku, kutoka Singida, inaingia meseji. Ya jana ilisema hivi: "Baba kesho maji yanapwa saa tano kasoro dakika kumi. ASUBUHI. Saa yetu. Bibi anasema usitoke."