Mbwa mkubwa na mbwa mdogo nyumba moja, shida ni mwili au tabia?

Mada hii ikianza tu watu wanagawanyika. Kuna wanaosema mbwa ni mbwa, waweke pamoja watazoeana wenyewe. Wengine wanakwambia usithubutu, wa kilo 3 na wa kilo 50 ndani ya geti moja ni kujitafutia msiba. Mi naona wote wana pointi, ila hawaongelei kitu kimoja.

Wa kwanza wako sahihi kwenye chanzo cha ugomvi. Mwili peke yake haugombanishi mbwa. Chihuahua anaweza kumpelekesha Great Dane kutwa nzima, anamtoa kwenye godoro, anamnyang'anya mfupa, na lile jitu linaondoka zake kimya. Wanachogombea ni chakula, mfupa, pa kulala, mlango mgeni akibisha hodi mbwa wote wakapandwa na mzuka, na wewe mwenyewe, maana kuna mbwa ana wivu na miguu yako kuliko na bakuli. Jinsia nayo imo, majike wawili wakishachukiana kuwapatanisha ni kazi kuliko hata madume.

Sasa hawa wa pili wanaongelea gharama ya kosa, na hapo hawabishiki. Wawili wa kilo 20 wakishikana labda sikio litachanika, damu kidogo, mnaenda kwa daktari wa mifugo yanaisha. Wa kilo 50 akimshika wa kilo 3 akamtikisa mara moja, basi. Na wala si lazima awe amekasirika! Vijibwa vidogo mifupa ya miguu ya mbele ni myembamba sana, mkubwa akiruka kwa furaha akatua juu yake mguu umeshavunjika. Halafu kuna silika ya kuwinda, mdogo akikimbia huku analia kwa sauti ile nyembamba, mkubwa anaweza kumwona windo ghafla hata kama wamelala pamoja miaka. Kwa hiyo kusema "wangu wanapendana" hakujibu chochote.

Kitu ambacho pande zote mbili wanakiruka ni upendeleo wetu sisi. Kadogo kakinguruma tunacheka, tunakabeba, mtu anatoa na simu arekodi. Mkubwa akinguruma kwa sababu hiyohiyo anapigwa. Yaani mdogo anajifunza kwamba uchokozi unalipa, na mkubwa anajifunza kwamba kuonya ni kosa, sasa siku akichoka anaruka hatua ya kunguruma anakwenda moja kwa moja kwenye kung'ata, na nyie mnasema amebadilika bila sababu. Hapana bwana, alikuwa anaongea mkamnyamazisha.

Na msiniletee habari za alfa, ile imani kwamba kila kundi lina bosi mmoja anayetawala wengine kwa ubabe. Stori hiyo ilishika kasi kutokana na utafiti wa Rudolf Schenkel wa mwaka 1947 kwa mbwa mwitu (wolf) waliofugwa kizuizini. David Mech, mtafiti wa hao mbwa mwitu ambaye mwenyewe alisaidia kuieneza, mwaka 1999 aliandika kwamba huko porini kundi mara nyingi ni baba, mama na watoto wao tu. Kumlaza mbwa chali kwa nguvu ili ajue bosi ni nani, hapo unaongeza woga kwenye nyumba ambayo tayari ina presha.

Mi ningetazama tabia na umri kwanza, kilo baadaye. Kijana asiyetulia ukimweka na mzee mwenye maumivu ya viungo unamtesa mzee, hata kama wanalingana. Waoga wawili wanaambukizana, mmoja akibweka kivuli wote wanabweka kivuli. Mbwa mtu mzima mtulivu lakini, huyo anasaidia sana kumfunza mbwa mtoto adabu. Ila mbwa wa jamii kubwa wanachelewa kukomaa, akiwa na mwaka 1 mwili unakaribia wa mtu mzima, akili bado ya kitoto mpaka karibu miaka 2, na kipindi hicho ndo hatari zaidi kwa mdogo.

Mambo mengine ni ya kawaida tu. Wakutanishe nje, mtembee nao sambamba kabla ya kuingia ndani, kila mmoja ale kivyake. Dawa ya viroboto usigawe ya mkubwa kwa mdogo, dozi inakwenda na uzito na ikizidi inaweza kumuua.

Nikilazimishwa kuchagua, naenda na wa kwanza, wakae pamoja, lakini kwa sharti moja, usipokuwepo wawe wametenganishwa kwa mlango au geti, kila siku, hata wakiwa marafiki vipi. Kama nyumba yako haina namna ya kuwatenganisha, basi kwako wewe wa pili wameshinda, tafuta wanaolingana au baki na mmoja.