Choo cha jirani kinanihusu

Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha kwa wiki 12 vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, pamoja na wale wa madarasa ya kisomo. Walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, mmoja akawasomea kitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya: kufyeka vichaka kando ya nyumba, kufukia madimbwi yanayozalisha mbu, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabika kwa mamia ya maelfu.

Huwa naitaja habari hii ninaposikia mtu akisema nchi haiwezi kubadilika mpaka wakubwa wabadilike. Sikubali. Wala sikubaliani na wanaotuhubiria kila asubuhi kwenye simu kwamba ukijibadilisha wewe, basi kazi imekwisha. Choo kinawajibu wote. Hakuna waziri atakayekuja kukuchimbia shimo uani kwako. Na ukishachimba la kwako na kulifunika vizuri, inzi wa kwa jirani asiye na choo bado atatua kwenye chakula cha wanao. Mpaka na yeye achimbe, na wa pili yake, ndipo watoto wa mtaa mzima wanapona kuhara.

Ndiyo maana nauamini utaratibu ule wa vikundi. Aliyetamka mbele ya wenzake kwamba atachimba choo alijua wakikutana tena wataulizana. Na aliyekuwa anasitasita alimwona mkulima mwenzake, mwenye jembe kama lake, ameshamaliza. Hotuba haina nguvu hiyo.

Mtaani kwetu nimeyaona haya kwa kibuyu chirizi, chombo cha kunawia mikono. Mama mmoja alitundika dumu la lita 5 nje ya choo chake, kamba ikashuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga, kipande cha sabuni kikaning'inia pembeni. Watoto wakawa wanapita makusudi kukanyaga kijiti ili maji yamwagike. Hakuwafukuza. Aliwashika mikono akawaonyesha kusugua mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha. Wakaenda kuwasumbua mama zao nyumbani, na sasa madumu yanaonekana nyua nyingi. Haikufanyika semina, hakuna aliyelipwa posho. Ninamheshimu sana mama yule.

Sasa tuiangalie mikutano yetu ya mtaa. Tunasomewa mapato na matumizi, tunalalamikia taka, tunatawanyika. Napendekeza kabla ya kufunga, kila kaya itamke jambo moja itakalolifanya yenyewe, liandikwe kwenye daftari la mtaa, na mkutano unaofuata ufunguliwe kwa kuulizana limefikia wapi. Mwenyekiti na wajumbe wake watamke kwanza, sisi wengine tufuate.