Samaki akishukiwa, ziwa lifungwe?

Ugonjwa usioeleweka ukihusishwa na samaki, serikali izuie biashara mara moja au isubiri chanzo kithibitishwe? Kwetu Kigoma swali hili linagusa tumbo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, na kila anayeishi kwa dagaa alijua maana ya chanja tupu na unga wa kukopa.

Wanaopinga zuio la haraka wana mfano mzito. Ugonjwa wa Haff ulijitokeza mwaka 1924 pwani ya Baltiki, karibu na Königsberg, leo Kaliningrad ya Urusi. Mtu anakula samaki, siku haijaisha misuli inakaza na kuuma, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Misuli inavunjika, mabaki yake yanaumiza figo. Kupika hakusaidii. Walishuku arseniki ya viwandani, kisha upungufu wa vitamini B1. Miaka 100 imepita, chanzo bado. Umeonekana hata Marekani, China na Brazili, ambako mwaka 2008 waliugua watu 27 jimboni Amazonas. Wengi hupona wakiwahishwa kuongezewa maji. Ukisubiri uthibitisho ndipo ufungue ziwa, wavuvi wataisha kwa njaa.

Hapo nakubaliana nao. Ila Minamata, mji wa Japani ulio kando ya ghuba, inanizuia kwenda nao hadi mwisho. Wagonjwa walioharibika mishipa ya fahamu waliripotiwa rasmi Mei 1956, na kabla yao paka waliokuwa wakila samaki wa ghuba ile walikuwa wameshaanza kupatwa na degedege na kufa. Mwaka 1957 mkoa wa Kumamoto ulitaka kuzuia samaki hao. Wizara ya Afya ikajibu kwamba hakuna ushahidi wazi kuwa samaki wote wa ghuba wana sumu. Wote! Watu wakaendelea kula, na zebaki ya kiwanda cha Chisso, ndiyo iliyowatia samaki sumu, ikaendelea kumwagwa majini hadi 1968. Akina mama wasio na dalili yoyote walizaa watoto walioharibika ubongo.

Kosa la wizara ile lilikuwa kudai uhakika juu ya kila samaki. Kosa la upande wa pili ni kutangaza "samaki wana sumu", neno likafika Tabora na migebuka ikakosa mnunuzi sokoni. Mimi nataka zuio la haraka lakini jembamba: litaje aina ya samaki, mwalo alikovuliwa na siku ya kulipitia upya. Na fidia ya mvuvi na ya mama anayeanika dagaa iandikwe kwenye tangazo hilohilo.